Kima Asiyelia Jumapili

Andendekisye alikuwa mtu wa kuvumilia. Aliwavumilia wageni waliolikata jina lake likabaki Andy, kama kuku aliyekatwa kichwa na miguu. Aliivumilia mvua ya Rungwe, ambayo hunyesha kana kwamba huko juu kuna mtu alifungua bomba akasafiri. Alilivumilia hata koti la kijani alilopewa na hoteli, lenye maandishi mgongoni KIONGOZI WA MSITU, lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega ya ziada. Jambo moja tu lilimshinda: mtu kusema kipunji imelia.

"Amelia," alikuwa akisema, akisimama hapohapo njiani, na msafara mzima ukasimama nyuma yake. "Mlango ndio unalia. Redio inalia. Huyu ana roho. Amelia."

Na hii ni Nyanda za Juu Kusini, ambako Kiswahili hufika nyumbani cha pili, baada ya Kinyakyusa au Kihehe au Kisafwa kwisha kukaa kwenye kiti, na watu wazima wenye heshima zao husema ng'ombe zangu zimepotea bila kupigwa faini. Andendekisye mwenyewe alisema mbuzi ile, kuku zile, na mwenyekiti wa kijiji akimuudhi alikuwa "ile mtu". Lakini kipunji alibaki yule. Amepita, amekula, amelala. Alimtaja kama mtu anavyomtaja mkwe.

Kipunji ni kima wa kahawia, mkia mrefu, nywele za utosini zimesimama wima kama za mtu aliyeamshwa na polisi. Wataalamu wamemfahamu juzijuzi tu, wakaandika kwa furaha kwamba wamegundua mnyama mpya. Wazee wa Rungwe walikuwa wakigunduana naye kwenye mahindi tangu zamani, ila hawakujua kwamba hilo ni jambo la kuandika.

Na sasa jina lake lilikuwa kwenye kibao. NDAGA LOJI, NYUMBANI KWA KIPUNJI. Mwenye loji, Bwana Sosthenes, Mhehe wa Kalenga, aliuza mbao miaka ishirini mpaka mbao zikaisha, ndipo akaanza kuuza miti iliyobaki imesimama, yaani kuwaonyesha watu. Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa. Alilichagua kwa sababu ndilo neno pekee alilolijua. Picha ya kima kwenye kibao ilichorwa na fundi wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, ambaye hajawahi kumwona kipunji maishani mwake na inaonekana alimchora shemeji yake.

Loji ilikaa ukingoni mwa korongo la Isyeto. Mvuke wa mto ulipanda asubuhi ukaingia hadi vyumbani, na mashuka hayakukauka tangu yanunuliwe. Juni mpaka Agosti ulikuwa msimu wa wageni wa baridi: watu wa Dar es Salaam waliokuja kuonja kipupwe, wakakionja dakika kumi, kisha wakashinda mbele ya moto wamevaa soksi mikononi. Septemba na Oktoba walikuja wapanda milima, wakati vilima vya mbali vinachomwa moto, na jua linachomoza jekundu kama jicho la mlevi. Novemba mvua za kwanza, uyoga, vyura. Desemba mpaka Februari yalikuwa maua. Nyika za juu zilifunguka rangi zote, na wageni walilala chini kifudifudi wakipiga picha ua moja nusu saa, huku wachimbaji wa chikanda, mizizi inayopikwa ikaliwa, wakipita nyuma yao na magunia ya mizizi ya maua hayohayo. Machi mpaka Mei hakuja mtu. Mvua ilikaa peke yake kwenye viti vya baraza.

Katika majira yote hayo kulikuwa na kitu kimoja ambacho mgeni hakukikosa. Saa tatu na nusu asubuhi Andendekisye aliwapeleka kwenye jukwaa la mbao linaloning'inia juu ya korongo, akawanyamazisha, akakunja viganja mbele ya mdomo, akaita. Mlio wa kipunji ni kama mbwa aliyemeza honi ya pikipiki. Aliutoa mara tatu, na baada ya ule wa tatu kifua chake, kilicholelewa kwenye moshi wa jikoni kwa mama yake, kilidai haki yake. Alikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu mwenye adabu, kisha akainua kidole wasikilize.

Na ng'ambo ya korongo, kutoka kwenye ukungu na mianzi, yule alijibu.

Wageni walishikana mikono. Mama mmoja kutoka Iringa, Mlutheri, alilia machozi. Lakini hakuna aliyeutaka mlio ule kuliko mwenye kuita. Andendekisye alikuwa hajamwona kipunji kwa macho kwa miaka minne.

Mlio aliufundishwa na baba yake, na baba yake hakuwa akiwaitia wageni. Aliwaitia mbwa na nyavu. Msimu wa mahindi kuiva, mzee alijibanza kwenye mianzi, akaita kama dume mgeni anayetafuta ugomvi, na dume mwenyeji akashuka kuulinda ukoo wake, na ukoo ukashuka nyuma yake. Andendekisye alikuwa na miaka tisa alipoutoa mlio ule kwa mara ya kwanza ukaitikiwa. Baba yake alimpiga begani kwa furaha. Siku hiyo waliwashusha saba, mmoja akiwa na mtoto aliyemng'ang'ania kifuani, na mtoto hakuachia hata mama alipokuwa amekwisha.

Hakuwahi kuwasimulia wageni hilo. Mgeni amekuja kupumzika.

Alipoajiriwa na loji kundi lilikuwa bado lipo. Aliwahesabu kumi na wanane, mwaka uliofuata kumi na mmoja, kisha sita. Hakuna aliyewapiga risasi. Msitu tu ulikuwa unapungua pembeni kama nguo inayofuliwa kila siku. Mara ya mwisho ilikuwa Januari, dume mmoja peke yake kwenye mti wa mkuyu, amelowa, anamtazama. Walitazamana muda mrefu. Kisha yule akageuka akaingia kwenye majani, na tangu hapo ikabaki sauti tu, ng'ambo, kila siku saa nne kasoro, hata siku ambazo yeye hakuita.

"Baba, unaongea na yule kima kuliko unavyoongea na mimi," alisema binti yake Sekela, mpishi wa loji, mwanamke wa kuchekesha sufuria.

"Yeye ananijibu vizuri."

"Mimi nakupa na chakula."

Andendekisye alikula wali wake wa Rujewa. Hakuwa na namna ya kumweleza kwamba sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Iwapo dume mmoja amebaki, basi si wote walioitikia wito wake wamekufa. Hesabu yake na Mungu ilisimama juu ya mnyama mmoja.

Juni ile alikuja Eveline, binti wa Iringa, mtafiti, mwenye buti kubwa kuliko miguu na adabu kubwa kuliko buti. Alimwamkia Sosthenes "kamwene", Mhehe kwa Mhehe, akapewa chumba kisichovuja sana. Mradi wake ulikuwa mwepesi kueleza: alifunga kwenye miti ya korongo visanduku vitatu vya kunasa sauti, vikakaa vinasikiliza mchana kutwa, siku saba za wiki, na mwisho yeye angesikiliza vilichosikia. Andendekisye alimwonyesha miti mizuri. Alimweleza pia, bila kuficha, kwamba asubuhi huwa anaita.

"Sawa, baba. Sauti yako nitaitoa kwenye hesabu. Namtaka yeye."

"Utampata," alisema Andendekisye. "Yeye hakosi."

Oktoba, Eveline alirudi kuchukua sauti, akashinda siku tatu barazani na vidude masikioni. Siku ya nne alimwita, akatandaza karatasi mezani. Ilikuwa na mistari ya siku, na kwenye kila mstari alama za kalamu nyekundu. Nyingi. Andendekisye aliziona, moyo ukamjaa.

"Baba Andende," alisema Eveline taratibu, "huyu dume wako, Jumapili huwa anakwenda wapi?"

"Jumapili sijui. Mimi nakuwa kanisani."

"Ndiyo. Wewe hupo. Kisanduku kipo." Alipitisha kidole kwenye karatasi. "Jumapili kumi na nane. Hajalia hata moja."

"Labda kengele inamtisha."

"Nami niliwaza hivyo. Ila tazama hapa Agosti. Jumatano na Alhamisi, kimya siku mbili nzima. Ijumaa anaanza tena saa nne kasoro kama kawaida. Kulikuwa na nini siku hizo?"

Andendekisye alijua kilichokuwapo. Ulikuwa msiba wa Mwalimu Tusajigwe. Na msiba kwa Wanyakyusa hauna mwaliko, ni sheria. Kijiji kizima kilisimama, cha huku na cha ng'ambo. Asiyetokea msibani Rungwe ni heri awe yeye ndiye maiti, angalau atakuwa na sababu.

Sekela alikuwa akipita na sahani, akasimama kusoma karatasi begani kwa Eveline.

"Kwa hiyo kipunji wetu ni Mmoravian," alisema. "Tena hakosi msibani. Amewashinda wengi hapa."

Alicheka peke yake. Kisha akamtazama baba yake usoni, akaondoka na sahani zake.

Kesho yake Andendekisye aliomba ruhusa, akasema anakwenda kuona mgonjwa. Aliteremka korongo kwa njia ya mianzi, akavuka mto kwenye gogo, akapanda ng'ambo akishika mizizi kama ngazi. Alikuwa hajapanda upande ule tangu alipomwona dume wa mwisho, aliogopa kumfukuza. Saa nne kasoro robo alikuwa chini ya mwamba mkubwa, anatweta, mlio ulipotoka juu yake. Karibu hivyo hakuwahi kuusikia tangu utotoni. Kwa muda wa pumzi mbili alisahau karatasi, Jumapili, Mwalimu Tusajigwe, yote.

Kisha akainua kichwa akaona mgongo wa sweta.

Mtu alikuwa amesimama juu ya mwamba, miguu imepanuka, viganja mdomoni. Nyuma yake, chini ya miti, wageni wanne wa kambi ya mahema ya kijiji cha ng'ambo walikuwa wamekaa kimya na simu zao. Andendekisye aliusubiri mlio wa pili na wa tatu. Alisubiri mpaka wageni wakapelekwa kunywa chai. Kisha akapanda.

Alikuwa Filemoni, kiongozi wa kambi ile. Hawakuwa watu wasiojuana, kwenye kaburi la Mwalimu Tusajigwe walipokezana koleo moja. Walitazamana sasa kama watu wawili waliofumaniana chooni.

"Ugonile," alisema Filemoni, maana adabu haina likizo.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Anayelia. Ni wewe."

Filemoni aliviangalia viganja vyake, akaviingiza mfukoni kana kwamba ndivyo vilivyokosea. "Wageni wanapenda, ndugu yangu. Ila usiwe na wasiwasi, mimi namwita tu. Wapo. Upande wenu kule wapo."

Andendekisye alipanda hatua ya mwisho, akasimama naye juu ya mwamba.

"Dume mmoja," Filemoni aliendelea, na uso wake ukalainika. "Mzee kidogo. Nadhani anaumwa kifua yule. Asubuhi kukiwa na utulivu, akishalia mara ya tatu, ukitega sikio kuna kitu kama anakohoa. Namwonea huruma. Nilimwambia hata mama watoto, huyu mvua za mwaka huu sijui kama atazimaliza."

Andendekisye alikaa chini kwenye mwamba.

"Gwe, Filemoni," alisema. "Dume huyo anavaa koti la kijani."

Filemoni alianza kucheka. Alicheka mpaka katikati, kicheko kikamwishia mdomoni, akabaki ameuacha wazi. Mto ulikuwa ukisikika chini. Ndege alipita, wala hawakumtazama.

"Kwa macho," Filemoni aliuliza, "mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Miaka minne. Mmoja. Wewe?"

"Mitano. Watatu." Alihesabu kitu kichwani, akakiacha. "Miaka yote hii nikisikia upande wenu, nasema, basi, angalau kwa Andendekisye wapo. Wangu walihamia kwake."

"Na mimi nilisema walihamia kwako."

Ni Filemoni aliyepata wazo, na mtu anayezama hachagui jani. Huenda wapo, alisema, ila wanatukimbia sisi. Madume wawili wanagombana kila siku ya Mungu, kwa miaka. Wewe ungeleta watoto wako hapo? Tukinyamaza, wenyewe watasema. Andendekisye alilitazama wazo lile kutoka kila upande, akaona lina matundu, akalivaa hivyohivyo. Walishikana mikono juu ya mwamba: hakuna kuita, wala huku wala kule.

Eveline aliambiwa yote. Hakucheka, jambo ambalo Andendekisye hakulisahau. Alichukua kalamu ya bluu akazikata alama nyekundu mojamoja, na ilichukua muda, maana alikuwa mtu wa kazi safi. Karatasi ilibaki bila alama.

"Nitaviacha visanduku, baba. Mwisho wa Januari nitakuja. Nikishasikiliza nitaandika neno moja tu: wapo, au hawapo."

Novemba mvua zilianza. Andendekisye hakuita. Kila asubuhi saa tatu na nusu alikwenda kwenye jukwaa la mbao peke yake, akasimama mikono nyuma kama mtu aliyeitwa ofisini. Alisikia ndege kulukulu wakikaripiana. Alisikia mbega, hondohondo, mbwa wa kijijini, mtu anapasua kuni, na siku moja msumeno mbali sana, ambao haukupaswa kuwapo. Alisikia vitu ambavyo hakuwa amevisikia kwa miaka kwa sababu alikuwa akivipigia kelele. Alichokitaka hakukisikia.

Bwana Sosthenes alivumilia wiki mbili.

"Mzee, wageni wanauliza."

"Nimenyamaza mpaka Januari, bosi. Ili tujue kama yupo."

"Mzee Andende, sikiliza. Mimi sijakuuliza kama ipo au haipo. Nimekuuliza italia saa ngapi."

"Atalia akiwapo."

"Watu wametoka Dodoma kwa ajili ya hiyo kitu. Niwape nini? Niwape wewe?"

"Mimi ndiye mliyekuwa mnawapa," alisema Andendekisye.

Sosthenes hakuwa mtu mbaya. Hakumfukuza. Alimhamishia kwenye kubeba mabegi na kupanga viti kuzunguka moto, na kazi ya njiani akapewa kijana wa mapokezi, aliyewaeleza wageni kwamba mbega ni aina ya tumbili wa Kizungu. Koti la kijani lilirudishwa stoo. Desemba ikaja na maua yake na magari yakajaa. Andendekisye alibeba masanduku ya watu yenye magurudumu kwenye njia isiyofaa magurudumu, na kila alipoyaweka chini alisimama kidogo, kichwa upande.

"Baba, kula," alisema Sekela.

"Nakula."

"Unasikiliza. Kusikiliza si kula." Alimsogezea sahani. Mkesha wa mwaka mpya alikuwa ameacha kumtania kabisa, na hilo lilimtisha Andendekisye kuliko ukimya wa korongo.

Wiki ya pili ya Januari alikutana na Filemoni sokoni, kila mmoja na kabichi yake.

"Kwako?"

"Hakuna. Kwako?"

"Hakuna."

Waliagana kama watu wanaopeana pole.

Jumapili ya tatu ya Januari mchungaji alikuwa katikati ya somo, na nusu ya waumini katikati ya usingizi, mlio ulipoingia kwa dirisha la kanisa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Ulikuwa mbali, kutoka upande wa korongo, lakini hapakuwa na mtu mle ndani asiyeujua. Kina mama wa kwaya waligeuza vichwa kumtafuta Andendekisye, kuona kama ni yeye. Alikuwa amekaa benchi la tatu, mdomo umefungwa, kitabu cha nyimbo mkononi.

Jumapili. Saa nne na dakika ishirini. Na Filemoni wakati huo yuko kanisani kwake, ng'ambo.

Sekela alimshika koti la kanisani. Aliliacha koti mikononi mwake. Alitoka kwa mlango wa mbele, mbele ya mchungaji, mzee wa miaka hamsini na nane na viatu vya ibada, akakimbia. Watu walisema baadaye kwamba hawakujua kama bado ana mbio. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba. Alipofika ukingoni mwa korongo mlio ulikuja tena, mara tatu, safari hii karibu zaidi, chini kidogo ya jukwaa, upande wa loji. Upande wake. Dume amerudi. Amerudi kwenye miti yake. Andendekisye aliteremka akijishika kwenye mianzi, akiteleza, akisema maneno ya Kinyakyusa ambayo mtu husema akiwa anasali au anatukana, na hakuwa na nafasi ya kuyatenganisha.

Kwenye gogo la mto alikutana na Filemoni, ametoka ng'ambo, na tai, suruali imelowa mpaka magotini, uso umekunjamana kwa hasira.

"Umevunja," alisema Filemoni. "Tulishikana mikono, mwanaume wewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Sauti yako naijua hata nikiwa kaburini, nimeisikia nikiwa kanisani, nikasema huyu—"

Mlio ukaja. Juu yao, kwenye miti.

Filemoni aliutazama mdomo wa Andendekisye. Ulikuwa umefungwa. Aliutazama wakati mlio wa kwanza unapita, akaendelea kuutazama wakati wa pili, na hasira ikamtoka usoni polepole kama maji yanavyotoka kwenye nguo iliyoanikwa. Chini yake kulikuwa na uso mwingine, wa zamani sana, wa mtoto aliyeambiwa mama amerudi.

"Si wewe," alinong'ona.

"Si mimi."

"Yupo."

Walishikana mikono, wazee wawili, wakapanda. Walikanyaga pale tu ambapo ardhi ilikuwa laini, kama walivyofundishwa na baba zao, ambao walitembea hivyo kwa sababu nyingine. Mita thelathini. Ishirini. Walijibanza nyuma ya mti mkubwa wenye kuvu, wakasubiri. Andendekisye alianza kuhesabu kama atakuwa dume au jike, peke yake au na wenzake. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga majani.

Ulikuja wa kwanza, wazi kabisa, juu ya vichwa vyao. Ulikuja wa pili. Ulikuja wa tatu.

Na baada ya wa tatu, kikohozi. Kidogo, kikavu, cha mtu mwenye adabu.

Mtu haijui sauti yake mwenyewe akiisikia kwa mbali, lakini kifua chake anakijua. Filemoni aliuachia mkono wa mwenzake.

Ilikuwa spika, ile ndogo ya kuchaji ambayo bodaboda huning'iniza kwenye usukani, imefungwa kwa waya kwenye tawi na kuvikwa nailoni ya mfuko wa mbolea. Taa ya bluu iliwakawaka ndani. Sosthenes aliwahi kumrekodi kwa simu mwaka juzi, akiita mbele ya wageni wa Iringa. Andendekisye aliikumbuka siku ile, alikuwa na mafua. Kutoka jukwaani juu yao walisikia viatu kwenye mbao, mtu akisema shii, na mwanamke akicheka taratibu kwa raha.

Filemoni alikaa kwenye mzizi na tai yake.

"Kile kisanduku cha binti kiko mti ule pale," alisema, bila kuonyesha kwa kidole. "Kimesikia. Analia Jumapili sasa. Tusipomwambia, ataandika wapo."

Mvua ilikuwa imeanza kweli, ile ya Rungwe, isiyobisha hodi. Nailoni ilikuwa imefungwa kwa haraka, na mtu asiyejua mvua ya huku; mdomo wake ulitazama juu, maji yakaanza kukusanyika kwenye mkunjo na kuteremkia ndani. Andendekisye alisogea. Aliufungua waya, na Filemoni akadhani anaitoa aitupe mtoni, wala asingemlaumu. Lakini Andendekisye aliigeuza, akaukunja mdomo wa nailoni ukatazama chini, akaukunja tena mara ya pili, akazungusha waya, akakaza fundo na kulijaribu kwa kulivuta, kama baba anavyomfunga mtoto sweta asubuhi ya baridi.

"Unafanya nini wewe?" aliuliza Filemoni.

"Asilowe," alisema Andendekisye.